Msamaha wa Kusemewa

Tarehe 4, mwezi wa sita

Kitindamimba wetu,

Neema na amani ziwe nawe. Najua hupendi barua zianze hivyo, lakini vumilia. Mimi ni mchungaji, na huku nimezungukwa na wachungaji mpaka kwenye lifti.

Mkutano huu sijauona mfano wake. Watu wa misheni wamekuja kutoka kila pembe ya dunia. Ukumbi ni mkubwa kuliko kile kiwanda cha sabuni cha kwetu, na kila kiti kina hedifoni ya kutafsiria. Mtu anahubiri mbele kwa lugha ya mama yake, wewe unaisikia kwa lugha ya mama yako. Tumekalishwa kwenye meza za watu sita sita, na sharti ni kwamba usikae na mtu wa kwenu. Mezani kwangu kuna mkunga mstaafu, mama mwenye umri wa bibi yetu, ambaye hatabasamu ovyo.

Nimejifunza mengi. Kwamba siku hizi hakuna nchi ya kutuma wamisionari na nchi ya kupokea. Kila mtu anatumwa kwa kila mtu. Kwamba mtumishi wa Mungu asikilize kwanza ndipo afungue kinywa. Hilo nimeliandika kwa herufi kubwa.

Jana nilipewa dakika kumi za ushuhuda. Nikaiacha hotuba niliyoiandaa, nikawasimulia habari zako. Jinsi lori lilivyomuua shemeji, mumeo, asubuhi akienda kazini na mabomba yake. Jinsi dereva alivyofungwa, jinsi ulivyomsamehe angali gerezani, na jinsi leo hii yeye ndiye mlinzi wa mlango wa kanisa lile lile unaloabudu wewe. Picha yako ukiwa kwenye cherehani, unatabasamu, ilitokea nyuma yangu ikiwa kubwa kama ukuta. Watu walisimama. Mwenyekiti wa mkutano alikuwa anafuta macho. Katika miaka yangu yote ya mimbari sijawahi kuona neno likiwashika watu namna ile.

Sasa sikiliza. Jumapili ya tarehe 19 watafika wageni wanne na kamera. Wanataka kukurekodi wewe na Dereva mkishikana mikono mlangoni, kisha mkae benchi moja mbele. Mimi sitakuwepo, maana mkutano ukiisha wenyeji wetu watatuzungusha kwenye makanisa yao mpaka mwisho wa mwezi. Katibu wa kanisa atasimamia. Vaa lile gauni lako la buluu.

Simu hupokei, ndiyo maana nakuandikia.

Kaka yako,
Mchungaji


Tarehe 6, mwezi wa sita

Kaka,

Simu sipokei kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Naandika kwenye karatasi, naipiga picha, nakutumia. Karatasi haiambiwi "ngoja kwanza nikwambie."

Ushuhuda wako nimeuona. Katibu aliuleta dukani kwangu, akaiegemeza simu kwenye kopo la vifungo, na wateja wangu wakaacha kujipima, wakaja kutazama. Nikajiona. Ile picha ulinipiga lini? Sikuwa natabasamu, kaka. Nilikuwa nimeng'ata pini. Fundi akiwa na pini mdomoni ndivyo anavyokaa, hata kama moyoni anatukana.

Kisha nikasikia jinsi nilivyosamehe. Nilisikiliza kwa makini kama jirani anayesikiliza habari za mtaa wa pili, maana huyo mwanamke simjui. Mimi sijamsamehe mtu. Umenisamehesha. Najua mtu hulishwa, najua mtu huvishwa, hata maiti huvishwa. Lakini kusameheshwa, hilo umelianzisha wewe.

Hivi wewe uliye mbele pale kila Jumapili hujawahi kuona ninapoingilia? Tangu umweke yule mtu mlangoni, mimi napita nyuma, kwenye chumba cha kwaya, naruka ndoo za rangi na viti vilivyovunjika miguu. Unadhani nimependa kwaya? Nikimwona njiani nageuka, hata kama nimebeba mzigo, hata kama jua linachoma. Hayo ndiyo mambo ya kuwaonyesha watu wako kwenye ukuta.

Umejifunza kusikiliza kabla ya kufungua kinywa, na umeliandika kwa herufi kubwa. Hongera. Ungeliandika kwa herufi ndogo, ukalifanya.

Gauni la buluu nimelikata. Sasa ni bitana ya koti la mteja. Waambie wageni wako wasije.

Fundi


Tarehe 8, mwezi wa sita

Dada,

Barua yako niliisoma nikiwa ukumbini, watu wakiimba, nikaizima simu kabla ya jirani yangu kuchungulia. Aibu iliyoje.

Unaandika kana kwamba sikukuuliza. Nilikuuliza. Nilikuja kwako ukiwa jikoni, nikasema, "Yule dereva unamchukuliaje sasa?" Ukanyamaza. Ukaendelea kuchambua mchele kama vile hakuna mtu aliyesema kitu. Tangu tukiwa watoto tunajua kwamba kimya ni jibu. Mimi nikalichukua jibu hilo kwa moyo mweupe. Leo unanirudia kana kwamba nimekuibia.

Niseme ukweli kwa kuwa wewe unajidai mtu wa ukweli. Umeifanya hasira kuwa mume wa pili. Unalala nayo, unaipikia, unaitembeza sokoni. Kuna wajane katika kanisa letu waliozika zaidi yako, na bado wanaimba. Wewe unaruka ndoo. Nani alikulazimisha kuruka ndoo? Mlango mkubwa uko wazi.

Na unataka nifanye nini? Nisimame mbele ya mataifa niseme, samahanini ndugu zangu, ule ushuhuda mlioulilia ulikuwa mate matupu? Wageni wameshakata tiketi. Naomba kitu kidogo: mkono wako ndani ya mkono wa mtu, muda wa kupigwa picha, basi. Ukitoka hapo kanawe ukitaka.

Jambo la mwisho silo ombi, ni onyo. Dereva usimwambie lolote katika haya. Hujui ni kitu gani kinachomshikilia mtu yule asianguke. Ukikivuta, utakuwa na wewe umeua.

Mchungaji


Tarehe 10, mwezi wa sita

Dereva,

Mimi ni yule fundi cherehani. Hatujawahi kusemezana. Barua hii naiacha mwenyewe kwenye kile kiti chako cha mlangoni wakati unafagia madhabahuni.

Kaka yangu amenionya nisikwambie neno. Ndiyo sababu nakuandikia.

Sijakusamehe. Sikukusamehe ulipokuwa ndani, sikukusamehe ulipotoka. Kama kuna mtu alikwambia nimekusamehe, alijisemea. Kaka yangu amelitangaza hilo huko aliko mbele ya watu wengi, na Jumapili ya tarehe 19 wanakuja kuturekodi tukishikana mikono. Mimi mkono sitoi. Nimeona ulijue kutoka kwangu kuliko kulijua pale mlangoni, kamera zikikutazama.

Sitaki uniombe radhi. Maneno hayo nimeyasikia mahakamani, yalisomwa na wakili wako kwa haraka kama mtu anayekimbilia chakula cha mchana.

Nina swali moja, na sina mwingine wa kumuuliza. Waliomleta mume wangu hospitali waliniambia alikuwa bado anaongea pale barabarani. Nilipofika alikuwa ameshafunikwa. Aliyemsikia mwisho ni wewe. Alisema nini?

Usinipambie. Wala usimtilie dini mdomoni. Hakuwa mtu wa kusali sana, mtaa mzima unajua.

Mke wa fundi bomba


Tarehe 12, mwezi wa sita

Mama,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mimi si mtu wa kuandika, kwa hiyo nisamehe. Hapana, neno hilo nalifuta. Nivumilie tu.

Gerezani nilikuwa nimeacha kula. Sikuwa nimegoma. Chakula kilikuwa kinafika kooni kinarudi. Askari walishaanza kunihesabu miongoni mwa wafu. Mchungaji akaja, akakaa kwenye sakafu karibu yangu, akasema, "Yule mama amenituma. Anasema amekusamehe. Anasema uishi." Siku ile nilikunywa uji. Tangu hapo mimi nimekuwa nikiishi kwa sababu wewe ulisema niishi. Ndivyo nilivyojua.

Nilipotoka nilitaka kuja kwako nipige magoti. Mchungaji akanikataza. Akasema, "Mama amelifunga jambo hilo. Ukimtajia siku ile utamtonesha. Usimtajie kamwe." Nikatii. Nilikuwa nakuona ukipita nyuma nikadhani unanionea huruma, hutaki nione haya mbele ya watu. Nilikuwa nasema moyoni, mama huyu ana utu wa ajabu. Sasa nimejua.

Swali lako nalijibu kama lilivyokuwa.

Sikuwa nimelewa, ingawa watu husema hivyo. Nilikuwa sijalala, tajiri alitaka mzigo ufike. Huo si utetezi, kulala ni kulala. Kwenye kona baada ya daraja nilifumba macho, nikafumbuliwa na kishindo. Nilishuka. Alikuwa amelala ubavu, na mabomba yake yametapakaa barabara nzima. Nilitaka kukimbia, sitakuficha. Miguu ilishageuka. Akaniita. Akasema, "We bwana." Nikarudi.

Akasema, "Toa hayo mabomba barabarani. Pikipiki zitakuja hapa, watu wataumia."

Nikaanza kuyaokota nalia, na yeye ananielekeza. "Na lile kule. Na lile la chini ya gari." Moja lilikuwa limepinda, akasema hilo nalo nilitoe, lisiachwe. Nilipomaliza akauliza, "Yameisha?" Nikamwambia yameisha. Akasema, "Haya." Hakusema tena. Nilimshika mkono mpaka watu walipofika wakanitoa pale kwa makofi.

Hakumtaja Mungu. Wala wewe hakukutaja, wala watoto. Ningependa kuwa na kitu kizuri zaidi cha kukuletea. Sina.

Funguo za kanisa nimemrudishia katibu. Jumapili ijayo nitakuja kwa sababu nilishaahidi kuwapokea wageni, baada ya hapo nitahama mji huu. Hupaswi kuzunguka nyuma kwa ajili yangu.

Dereva


Tarehe 15, mwezi wa sita

Dada,

Katibu amenipigia. Dereva amerudisha funguo na ameanza kufunga mizigo. Najua umemwambia, licha ya onyo langu. Umeridhika?

Ndiyo, nilimwambia kwamba umemsamehe. Sikumwambia kwa kujisifu, nilimwambia nimekaa kwenye sakafu ya gereza inayonuka, mbele ya mtu aliyebaki macho na meno. Ulitaka nifanyeje? Nimwambie, subiri, dada yangu hajawa tayari, wewe endelea kufa taratibu? Nilimpa nilichoona kitamwinua, akainuka. Watu wawili wangekufa kwa ajali ile; amekufa mmoja. Nionyeshe dhambi yangu iko wapi, nitaitubu.

Mambo ya mkutano yamekwisha vibaya kwangu, na kwa kiasi fulani ni kwa sababu yako. Siku moja mezani tulitakiwa tujadili ushuhuda wangu. Kila mtu akasema la kwake, jinsi alivyoguswa. Yule mkunga akaniuliza kwa njia ya mkalimani, "Na dada yako mwenyewe anaisimuliaje hadithi hii?" Nikamjibu. Nikamjibu kwa kirefu, habari za maombolezo yako, na neema, na jinsi unavyoabudu. Mama yule akasubiri mpaka nikamaliza. Akasema, "Hayo ni yako. Nimeuliza ya kwake." Wenzangu wakatazama vikombe vyao. Nikanyanyuka, na siku zilizobaki nilikula kwenye meza ya wahasibu. Sijui kwa nini nakuandikia habari hiyo. Sikukuandikia ili ufurahi.

Wageni wameshapanda ndege, siwezi kuwarudisha.

Katibu anasema Dereva alikuletea barua ndefu. Amekuandikia nini? Mimi ndiye mchungaji wake, nina haki ya kujua kondoo wangu amesema nini. Na kama kuna maneno ya shemeji humo, niambie. Nilimzika mimi. Jumapili nimealikwa kuhubiri katika kanisa kubwa la huku, na safari hii ningependa niwe na habari kamili.

Kaka yako


Tarehe 20, mwezi wa sita

Kaka,

Wageni wako walifika jana. Nitakueleza mimi kabla katibu hajakueleza, kwa sababu katibu ataongeza chumvi.

Dereva alikuwa mlangoni. Katibu alikuwa amemrudishia funguo kwa siku hiyo, maana lile kufuli la kanisa linamtii yeye peke yake. Mkalimani wa wageni akamwambia asimame hapa, na mama atasimama pale, jua liwaangaze wote. Dereva akasema, "Huyu mama hajanisamehe. Nilikuwa nadhani amenisamehe, nimeambiwa sivyo. Ibadani karibuni, lakini picha hiyo haipo." Mkalimani akabaki anatafuta namna ya kulitafsiri jambo hilo bila kuwakatisha tamaa. Hakuipata, akalitafsiri kama lilivyo. Mwanamke mmoja mwenye mvi akaishusha kamera. Mwenzake, kijana wa miwani, akauliza kama wakirudi mwakani huenda mambo yatakuwa yamebadilika. Nikacheka, kaka. Nilikuwa nimeshafika, nimesimama nyuma yao. Nikawaambia jukwaani alisimama kaka yangu, basi wakitaka ya jukwaani wamfuate huko huko. Waliingia wakaabudu, wakaimba vizuri tu, wakaondoka.

Niliingia kwa mlango mkubwa. Usianze kulia, sikuingia kwa ajili ya mtu. Nimechoka kuruka ndoo. Dereva akafungua na ubao wa pili wa mlango ili nipite kwa nafasi. Akasema, "Karibu, mama." Nikasema, "Ahsante." Hakuna kilichoshuka kutoka mbinguni. Mkono sikumpa. Nilikaa katikati ya kanisa, pale ambapo mara ya mwisho nilikaa siku ya mazishi.

Ibada ilipokwisha nikamfuata. Alikuwa na begi tayari, ameliweka nyuma ya mlango. Nikamwambia asihame.

Akauliza, "Kwa nini, mama?"

Nikamwambia, "Nina maswali mengine."

"Mangapi?"

"Sijui bado. Nitakuwa nakuja nayo moja moja."

Akalibeba begi akalirudisha chumbani kwake. Usiliite hilo jina lolote. Ukisikia umeanza kulitafutia mstari wa Maandiko, jing'ate ulimi.

Sasa la kwako. Unataka nikuonyeshe dhambi yako iko wapi. Nimelifikiria nikishona. Mtu alikuwa anakufa, ukamwokoa, na mimi sisemi ungemwacha afe. Lakini ungekuja kwangu siku ile, ukaniambia, dada, yule mtu hali chakula tena. Sijui ningejibu nini. Labda ningesema na afe. Labda ningekoroga uji mwenyewe nikampelekea, nikakaa pale mpaka aumalize, huku namchukia. Sijui, na sitajua mpaka naingia kaburini, kwa sababu ulinijibia. Ile nafasi ilikuwa yangu, kaka. Nilikuwa nimebakiwa na vitu vichache, na hicho kilikuwa kimoja. Kisha ukamziba mdomo yule mtu, asinitajie siku ile. Miaka yote hii nimekuwa nikipita nyuma, nalikimbia jibu langu, na yeye amekaa nalo mlangoni akisubiri kuulizwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe hukukilalia, lakini ulikitandika.

Ndiyo, mume wangu alisema maneno. Ninayo. Nilipoyasoma nilicheka kwanza, kwa sababu ni yeye mtupu, hakuna mwingine duniani angesema vile akiwa katika hali ile. Kisha nikafunga duka. Watoto nimewaambia, mkubwa alitoka nje, mdogo akaniomba nirudie.

Wewe sikwambii. Ungeyapandisha jukwaani kabla ya chakula cha mchana. Ungeyaosha, ungeyavisha, ungeyatafutia picha ya kuyasindikiza, na watu wangesimama. Hayakusemwa kwa ajili ya ukumbi. Yalisemwa barabarani, kwa mtu mmoja, na kazi yake ilifanyika pale pale. Huyo mkunga wenu ningempa, kama angeyataka, na nadhani asingeyataka.

Ukirudi, usianzie kanisani. Njoo kwangu mchana, bila kola, bila katibu. Sikuahidi chai. Kuna siku nitakuwa na la kusema na kuna siku sitakuwa nalo, na wewe hutalisema kwa niaba yangu. Utakaa tu.

Dada yako